Massey Ferguson 35 ya marehemu baba: trekta, fundi, na miezi 11 ya kusubiri

Nimesubiri nilime nayo msimu mzima ndipo niandike. Ekari 11 za mahindi na alizeti hapa Isimani, trela la maji mara mbili kwa wiki, na safari moja ya kwenda kuitoa pikapu ya jirani iliyonasa korongoni. Kwa hiyo ninayoyasema si ya kusimuliwa. Ni maoni yangu juu ya vitu viwili ambavyo siwezi kuvitenganisha: trekta yenyewe, Massey Ferguson 35, na karakana moja ya Iringa mjini iliyoirudishia uhai. Jina la karakana silitaji kwa sababu mzee mwenyewe ameniomba nisilitaje. Ana vijana wawili tu, na foleni ya kazi inayomtosha.

Baba alifariki mwaka 2021. Trekta ilikuwa imesimama tangu 2004 chini ya mgunga nyuma ya zizi: injini imeshika, haizunguki kabisa, tairi za nyuma zimepasuka mpaka nyuzi zinaonekana, kuku wanatagia chini ya kiti. Kwenye kikao cha mirathi yaligawanywa mashamba, wakagawanywa ng'ombe, ikabaki yenyewe. Kaka zangu wawili walitaka iuzwe skrepa, na siwalaumu, wao wako Dar es Salaam na hawana pa kuiweka. Mnunuzi alishakuja mara mbili, mara ya pili akafika milioni 1 na laki 2. Mama hakusema iuzwe wala isiuzwe. Alisema tu, "Mkiiuza, mje kuichukua siku ambayo mimi sipo." Hapo nikaomba mgao wangu wa ng'ombe wagawane wao, mimi nipewe trekta.

Sasa, jambo ambalo nataka kila aliyerithi chuma kama hiki alisikie kabla hajatoa hata shilingi: jua kwanza una nini. Mimi nilianza kinyume. Nilikuwa Dar kikazi, nikaingia duka moja la spea, nikasema nataka pistoni na laina za Massey ya silinda 3. Muuzaji akaniuliza, "Perkins?", yaani kampuni iliyotengeneza injini. Nikasema ndiyo. Akaniambia Perkins za silinda 3 zote ni moja, akanifungia boksi, nikalipa laki 7. Nilirudi Iringa na lile boksi nimelipakata kwenye basi kama mtoto. Halikufaa. Duka lilikubali kunirudishia nusu ya pesa tu, na hilo linaniuma mpaka leo, maana boksi lilirudi na nailoni zake.

Nyumbani trekta iliitwa "Thelathini na Tano" tu. Nembo za boneti zilishang'oka, na baba aliipaka rangi ya bluu kwa brashi, mikono mitatu au minne kwa miaka tofauti. Shangazi yangu mkubwa anashikilia kwamba ilitoka Kongwa, kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, kwamba babu aliinunua walipokuwa wanauza vyombo vyao na kuondoka. Ni hadithi niliyokua nayo, na niliipenda. Lakini haiwezi kuwa kweli. Mradi wa karanga ulianza mwaka 1947 na serikali ya Uingereza ikaufunga 1951. Wakati huo kampuni ya Massey Ferguson haikuwepo kwa jina hilo: Massey-Harris ya Kanada na Ferguson ya Uingereza ziliungana 1953. Trekta ya namba 35 ilitoka kiwandani Coventry mwishoni mwa 1956 ikiwa bado inaitwa Ferguson, boneti ya kijivu na injini ya rangi ya dhahabu. Nyekundu na kijivu zilianza mwisho wa 1957. Iliyokuwepo kabla yake ni ile ndogo ya kijivu, TE20. Kama babu yako kweli alinunua trekta ya Ferguson enzi za Kongwa, basi ni hiyo, wala si 35.

Kwa hiyo nililazimika kukwangua. Niliinamisha tochi kwenye dashibodi, chini ya usukani, nikahisi kwa kidole kwamba pale penye rangi nene kuna bamba limepigiliwa. Siku nzima nilisugua kwa kitambaa na tina, taratibu, bila kisu, kwa sababu herufi za bamba lile hazikuchongwa kwa kina na ukilikwaruza umeua kitambulisho. Bluu ikatoka, chini yake nyekundu, chini yake bati. Zikajitokeza herufi SNM, kisha namba ya tarakimu 6 inayoanza na 24.

Herufi ya kati ndiyo iliyonifaa. N ni injini ya Perkins ya silinda 3. Zile 35 za dizeli za mwanzo zilikuwa na injini ya silinda 4 ya kampuni ya Standard, na bamba lao lina D. Perkins iliingia 1959, mwaka uleule ambao Massey Ferguson waliinunua kampuni ya Perkins yenyewe. Halafu namba: za mwaka 1961 zinaanzia 220614, na za 1962 zinaanzia 267528. Yangu iko katikati. Ni ya mwaka 1961, mwaka wa Uhuru. Nilikaa chini pale vumbini nikampigia simu mama.

Lakini bamba peke yake lisikutoshe, maana mashine iliyoishi miaka 60 inaweza kuwa imebadilishwa injini. Hesabu nozeli, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda. Tatu ni Perkins, nne ni Standard. Angalia na boneti: ya 35 imeviringika mabegani kama mgongo wa kobe, ya 135 iliyoifuata mwisho wa 1964 ina pembe. Baadaye kidogo, ndani ya sanduku la bati la baba, nilikuta karatasi ya mauziano ya mwaka 1969. Babu na majirani wawili waliinunua kwa kuchangiana kutoka shamba la tumbaku la Mgiriki mmoja wa hapahapa Iringa. Shangazi nimemsomea. Bado anasema Kongwa.

Ndiyo nikampelekea fundi. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, alijifunza kazi kwenye mashamba ya ngano ya Hanang. Nilimwamkia, "Kamwene, mzee," akaitika bila kuacha alichokuwa anafanya, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Namba yake ngapi?" Mafundi watatu niliokuwa nimewaona kabla yake waliuliza kwanza nina bajeti gani. Nilimsomea namba kwenye simu. Akafuta mikono, akaja kutazama picha, akasema, "Hii ni A3.152. Lile boksi lako ni la mdogo wake."

Alinieleza vizuri. Hiyo 3 ni silinda, 152 ni ujazo kwa inchi za ujazo, kama lita 2 na nusu. Iliyokuja baadaye kwenye 135 inaitwa AD3.152. Ni ndugu, ukiwa mbali huwatofautishi, na vitu vingi vinaingiliana, ila pistoni si mojawapo. Alichukua pistoni yangu mpya akaisimamisha kwenye meza kando ya moja ya zamani aliyokuwa nayo rafuni, akaniambia nitazame juu. Lile bakuli lililochongwa kichwani mwa pistoni, ambamo dizeli inapuliziwa, halikufanana. Akasema, "Ingewaka, dada. Ingewaka na kutoa moshi mpaka utaichukia." Boksi sahihi aliliagiza mwenyewe kwa laki 8 na nusu.

Injini iliyoshika haikupigwa nyundo hata mara moja. Walitoa nozeli, wakamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi ya otomatiki kwenye kila silinda, wakaiacha siku 9 wakiongeza kila jioni. Siku ya kumi waliweka gia ya juu wakaisukuma kwa tairi ya nyuma mbele na nyuma, kidogo kidogo, mpaka ikatoa mlio kama mlango wa zamani, ikazunguka. Maji ya mvua yalikuwa yameingia kwa bomba la ekzosi lililoachwa wazi juu miaka yote ile. Silinda ya kwanza ilikuwa na kutu la kuona kwa macho, mbili zilizobaki zilikuwa na mchubuko tu. Kopo la maziwa lililofunikwa juu ya ekzosi lingeokoa pesa nyingi. Kama una trekta imesimama nje, nenda kalifunike leo.

Krenki ilipelekwa kusagwa ikawa saizi ya ishirini, beringi mpya zikaingia. Pampu ya dizeli ilipelekwa kwa mtaalamu mwingine mjini akaipima pamoja na nozeli. Hapo sina la kueleza zaidi ya kwamba ilirudi safi na injini inawaka kwa mzunguko mmoja, hata asubuhi za baridi za Juni.

Sehemu ninayotaka kuikalia ni ya kamba. Nyuma ya krenki, mahali injini inapokutana na klachi, injini hizi hazina sili ya mpira kama za siku hizi. Zina kamba, kipande cha kamba iliyosokotwa kinene kama kidole cha mtoto, kimoja nusu ya juu na kimoja nusu ya chini. Kamba hiyo ikiwekwa vibaya, oili inavujia kwenye klachi, na ili uirudie lazima trekta ikatwe katikati upya: injini mbele, giaboksi nyuma. Mafundi wengi wa haraka huikandamiza kwa bisibisi na kukata kinachobaki. Mzee aliniita nikae karibu. Aliingiza kwanza ncha zote mbili kwenye mfereji, akaziacha zichomoze kidogo sana juu ya chuma, unene wa kucha au pungufu, kisha akabonyeza katikati, ndipo akaja akiikunja ndani kutoka katikati kwenda pembeni kwa kipande cha chuma cha mviringo, akikiviringisha kwa kiganja kama anayesukuma chapati. Alipaka grisi nyeusi, akaviringisha tena. Nusu ya pili akanipa mimi. Nilitumia karibu saa nzima. Aliikagua kwa miwani, akatoa ncha moja, akaniambia nirudie, nikairudia. Leo, baada ya saa 41 za kazi, chini ya nyumba ya klachi ni pakavu.

Hapo ndipo nilipojua niko kwa mtu sahihi.

Haidroliki ndiyo iliyokuwa imenitisha zaidi, kwa sababu baba aliacha kulima nayo haidroliki ilipokataa, hata kabla injini haijashika. Kila mtu alisema pampu imekufa. Kwenye trekta hizi oili ya giaboksi, difu na haidroliki ni moja, zaidi ya lita 30 ndani ya tumbo moja, na pampu yenyewe imezama humo. Fundi alifungua nati ya chini. Ilitoka kitu kama chai ya maziwa. Kwanza yalitangulia maji yenyewe, kama lita 4, kisha ule uji. Maji yaliingilia wapi? Kwenye kile kifuniko cha mpira kwenye shina la gia. Kilipasuka, mvua ikawa inateremka na shina mwaka hadi mwaka. Ni mpira wa shilingi elfu chache.

Pampu haikuwa imekufa. Vali yake ilikuwa imeganda kwa kutu na tope. Waliitoa, wakaiosha kwa dizeli, wakabadilisha sili za mpira, wakairudisha. Wangeweza kuniuzia pampu mpya na nisingejua. Kwa hilo tu mzee yule amenishika kwa maisha.

Tairi za nyuma za asili ziliandikwa 11-28. Usiitafute namba hiyo dukani, siku hizi inaandikwa 12.4-28. Nilipata za kutoka India kwa milioni 2 na laki 3 zote mbili, na sina lalamiko. Rimu ndizo zilinisumbua. Baba alikuwa anajaza maji kwenye tyubu za nyuma ili trekta iwe nzito, jambo la kawaida, lakini valvu ilivuja na kutu likala chuma kuzunguka tundu mpaka ukiweka kidole kinapita. Walikata kipande, wakachomelea kipya, wakasaga pakawa laini. Ukinunua au ukirithi, tazama rimu kwa ndani, upande wa valvu, kabla hujasifia tairi. Breki nazo zilikuwa zimelowa oili iliyopita kwenye sili za ekseli. Sili mpya, bitana mpya, basi.

Rangi tuligombana. Kijana wa rangi alitaka kupuliza nyekundu kila kitu, injini, giaboksi, hata stata, kwa sababu ndivyo wateja wanavyopenda. Nilimwonyesha chini ya sanduku la betri na nyuma ya bamba la dashibodi, mahali ambapo brashi ya baba haikufika: boneti na madigadi ni nyekundu, mwili wa injini na giaboksi ni kijivu. Alinijibu kwamba hakuna atakayejua. Mimi nitajua. Mzee aliamua kwa upande wangu, na kazi iliyotoka ni nzuri sana, hasa kwa sababu walipiga msasa mpaka chuma na kuweka praima kabla. Madigadi ya kushoto ina kiraka alichochomelea baba mwenyewe, mishono imekaa kama mbegu za papai. Kijana alitaka kukisaga kiwe laini. Nilimwomba apake rangi juu yake kilivyo. Hapo ndipo nilipokuwa nakaa nikiwa na miaka saba, baba akilima.

Sasa kasoro za karakana, maana nisipozisema haya hayatakuwa maoni ya kweli. Niliahidiwa miezi 4, ikawa 11. Msimu mmoja wa kilimo ulinipita nikakodi trekta ya mtu kwa pesa ambayo ningenunulia tairi za mbele. Simu hazipokelewi, ukitaka habari, nenda mwenyewe. Hakuna risiti wala karatasi ya makubaliano, kila kitu kiko kichwani mwa mzee. Mara mbili nililipishwa oili ileile, na ingawa alirudisha bila ubishi nilipomwonyesha daftari langu, ilibidi niwe na daftari. Na geji ya asili ya joto ilipotea humo karakana. Waliweka mpya inayofanya kazi, lakini ile ilikuwa ya mwaka 1961 na iliingia kwao ikiwa mahali pake. Piga picha kila kitu, weka lebo, chukua nyumbani vitu vidogo.

Gharama yote, pamoja na usafiri wa kuibeba na ile nusu iliyopotea dukani, ni milioni 9 na laki 4. Kwa pesa hiyo hupati trekta mpya ya aina yoyote, na iliyotumika utakayopata utakuwa hujui ndani mna nini. Yangu najua ndani mna nini, mpaka kamba.

Kuhusu kazi shambani. Hii ni mashine ya nguvu farasi 37. Ina gia 6 za mbele na 2 za nyuma, na yangu ina klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu trekta inasimama lakini haidroliki na ule mhimili wa nyuma wa kuendeshea mashine nyingine (PTO) vinaendelea kuzunguka, ukikanyaga mpaka chini vyote vinasimama. Kwa plau ya zamani ya majembe 2 iliyokuja nayo, ekari moja ya udongo wetu baada ya mvua ya kwanza inakula lita 7 hadi 8. Si ya haraka. Jirani mwenye trekta kubwa anamaliza ekari tatu mimi nikiwa kwenye ya pili bado.

Lakini mtazame anapofika kwenye ule mwamba wa udongo upande wa mashariki. Yeye anasimama, anarudi nyuma, ananyanyua, anashusha. Yangu inapita. Siri yake ndiyo iliyompa jina Harry Ferguson, mtu wa Ireland: topu linki, yaani mkono wa juu unaounganisha plau na trekta, haikufungwa kwenye chuma kikavu, nyuma yake kuna springi nene. Majembe yakikutana na ugumu, plau inataka kubinuka, inaisukuma topu linki mbele, springi inabonyea, na mbonyeo huo unafungua vali ndani ya haidroliki. Plau inanyanyuka kidogo, kiasi cha upana wa vidole viwili, na papo hapo mzigo unahamia kwenye tairi za nyuma zinakamata ardhi. Ugumu ukipita, inashuka yenyewe. Ukigeuka kutazama unaiona ile mikono inapumua. Haya yote hayana waya hata mmoja. Mara ya kwanza nilisimamisha trekta katikati ya tuta nikashuka kwenda kuitazama springi, kwa sababu utotoni niliona ikifanya hivyo na nilidhani ni baba anayeifanya kwa mkono.

Tahadhari mbili nzito. Ya kwanza, haina kibanda wala fremu ya kumkinga dereva ikipinduka, na mbele ni nyepesi. Ukivuta gogo au gari, funga mnyororo chini kabisa kwenye kivutio, kamwe usifunge juu ya ekseli wala kwenye topu linki. Ukifunga juu, mbele inanyanyuka na trekta inakuangukia mgongoni kabla hujafika kwenye klachi. Ile pikapu ya jirani niliivuta kwa gia ya kwanza ya chini, mnyororo chini, watoto wote mbali. Ya pili, usimwachie mtu kurekebisha vali za injini kwa kusikiliza sauti. Nafasi yake injini ikiwa baridi ni sehemu 12 za elfu moja za inchi, yaani milimita 0.30, na kipimo chake si ghali.

Nani asiingie kwenye jambo hili? Anayetaka kulimia kijiji kizima kwa kukodisha. Farasi 37 hazitoshi, ataiua. Wala asiingie asiye na mahali pa kuilaza penye paa, au anayehitaji trekta msimu huu. Mwenye ekari 5 mpaka 20, maji ya kubeba, mahindi ya kupukuchua kwa ule mhimili wa nyuma, na subira, huyo akirithi 35 asimsikilize mtu wa skrepa. Spea zinapatikana, kwa sababu India na Pakistani waliendelea kutengeneza matrekta ya ukoo huuhuu kwa miaka mingi, na duka la kawaida Iringa lina chujio na sili zake. Muhimu ni kwenda na namba yako na kipande cha zamani mkononi, ulinganishe pale kaunta kabla ya kulipa.

Trekta naipa nyota 5 kwa kazi yangu. Karakana naipa 4. Ile moja imekwenda na geji na ule msimu uliopotea. Ufundi wenyewe, ningempa mzee hata sita.

Bado kuna tone la oili linalotokea kwenye kifuniko cha upande wa haidroliki, moja kila usiku, naona alama yake kwenye kadibodi niliyoweka chini. Mzee amesema tusiliguse mpaka zifike saa 50, gasketi ikae kwanza. Zimebaki 9. Taa ya kushoto haina kioo, nimeagiza. Na mama ametaka kopo la ekzosi alifunge yeye kwa waya, kila jioni, kwa hiyo hilo nimemwachia.